Raymond Lindeman: Kijana aliyepiga hesabu ya jua akiwa na miaka 26

Kama umepitia sekondari hapa Kenya, basi ile piramidi umeichora. Chini kabisa nyasi, juu yake swara, juu ya swara simba. Mwalimu anasisitiza uandike kwamba kila hatua kawi inapungua. Unaandika, unapata maksi zako mbili, unasonga mbele na maisha.

Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatukuwahi kuuliza. Nani alijuaje? Kawi haionekani, haishikiki, na huwezi kuiweka kwa mizani ya muuza nyama. Nani alikaa chini akaifuata kutoka kwa jua hadi kwenye tumbo la mnyama, akaandika hesabu yake?

Jibu ni kijana mmoja wa Marekani anayeitwa Raymond Laurel Lindeman. Usidhani ni mzee wa ndevu nyeupe aliyezungukwa na vitabu. Kazi iliyompa jina aliimaliza akiwa na miaka 26, akiwa mgonjwa wa ini, na mara ya kwanza ilikataliwa na wakubwa wa fani yake. Ilipochapishwa, yeye alikuwa ameshazikwa.

Ukiwa kwa miaka ya ishirini na unahisi umechelewa, au unahisi wazee hawakusikii, huyu jamaa ni wako. Kaa hapo kidogo.

MTOTO WA SHAMBANI

Lindeman alizaliwa Julai 24, 1915 huko Redwood Falls, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Alikulia shambani. Minnesota ni nchi ya maziwa, mengi kiasi kwamba jimbo lenyewe linajigamba kwayo, na wakati wa baridi maziwa hayo huganda juu yakawa barafu ngumu.

Alisomea Park College, chuo kidogo huko Missouri, akamaliza mwaka wa 1936. Kisha akarudi nyumbani na kuingia Chuo Kikuu cha Minnesota kusomea shahada za juu, upande wa wanyama. Hapo ndipo alihitaji mahali pa kufanyia utafiti.

Na hapa ndipo jamaa anaanza kuonyesha akili yake. Hakuchagua ziwa kubwa la kujivunia. Alichagua Cedar Bog Lake, kidimbwi tu, kaskazini mwa jiji la Minneapolis, katikati ya kinamasi. Lilikuwa ziwa zee. Manake, lilikuwa linakufa. Majani na viumbe waliokufa walikuwa wakirundikana chini mwaka baada ya mwaka, tope likipanda, maji yakizidi kuwa ya kina kifupi. Siku moja ziwa lote lingekuwa kinamasi, na baadaye msitu.

Lakini udogo ndio uliokuwa faida yake. Ziwa dogo mtu mmoja anaweza kulichunguza lote. Na hakuwa mmoja kusema kweli, walikuwa wawili. Mkewe, Eleanor Hall Lindeman, alikuwa naye kwenye maji na kwenye maabara, akikusanya na kupanga sampuli. Ukisikia jina la Lindeman likitajwa, kumbuka kazi ile ilikuwa na mikono minne.

Kwa karibu miaka mitano walikusanya kila kitu. Mwani unaoelea. Mimea ya majini. Vijidudu vidogo vinavyokula mwani. Vibuu vya wadudu vilivyojificha kwenye tope. Wadudu wawindaji na samaki wadogo. Hata wakati wa barafu utafiti uliendelea, kwa sababu Lindeman alitaka kujua wanyama wa topeni wanaishije miezi ile ambayo oksijeni inaisha chini ya barafu.

Mtu wa kawaida angetoka hapo na orodha: ziwa hili lina aina kadhaa za mwani, aina kadhaa za wadudu, kwaheri. Hivyo ndivyo wengi walivyofanya enzi hizo. Lindeman alitaka kingine. Alitaka kujua nani anamlisha nani, na kwa kiasi gani.

WALIOMTANGULIA

Tuwape wengine haki yao. Mwaka wa 1927, Mwingereza Charles Elton wa Oxford alitoa kitabu kuhusu ikolojia ya wanyama. Ndiye aliyeonyesha kwamba katika mahali popote, wanyama wadogo walio chini ya mnyororo wa chakula ni wengi sana, na kadiri unavyopanda juu kwa wawindaji, idadi inapungua. Ile piramidi ya idadi ni yake.

Mwaka wa 1935, Mwingereza mwingine, Arthur Tansley, alipendekeza neno moja la kuunganisha viumbe hai pamoja na udongo, maji, hewa na joto linalowazunguka. Sisi leo tunaliita mfumo wa ikolojia.

Kwa hivyo Lindeman alipoingia kazini, umbo la piramidi lilikuwepo na neno lilikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya wazi, na hesabu. Mbona piramidi inakaa hivyo? Elton alieleza mambo ya ukubwa wa mwili na kasi ya kuzaana. Lindeman aliona kuna kitu kimoja kilicho chini ya hayo yote, nacho ni kawi, au nishati kama vitabu vingine vinavyosema.

Wazo lake lilikuwa hivi. Sahau kwa muda kwamba huyu ni samaki na yule ni mdudu. Wapange viumbe kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni wale wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ya pili ni wanaokula hao. Ya tatu ni wanaokula wanaokula hao. Kisha badilisha kila kitu kuwa kalori. Mwani ni kalori. Kibuu ni kalori. Jua lenyewe ni kalori. Sasa vyote vina sarafu moja, na unaweza kufungua daftari la mapato na matumizi.

PAYSLIP YA ZIWA

Hizi hapa hesabu za Cedar Bog Lake. Lindeman alizipima kwa kalori kwa kila sentimita moja ya mraba ya ziwa, kwa mwaka mmoja. Sisi tuzisome kama shilingi, tutaelewana haraka.

Jua lilimwaga shilingi 118,872.

Mimea na mwani vikakamata shilingi 111.

Hapana, si makosa ya uchapishaji. Kati ya zaidi ya laki moja, mimea ilishika mia moja na kumi na moja. Hiyo ni kama asilimia 0.1. Mwanga mwingine wote ulirudishwa angani, ulipasha maji joto, au ulipita tu. Ziwa zima, kila kiumbe ndani yake, liliishi kwa hizo 111.

Sasa fuata hizo 111. Shilingi kama 23 mimea yenyewe ilitumia kupumua na kujiendesha, na hizo zikapotea kama joto. Shilingi 3 hivi zikaenda kwa uozaji. Wala mimea wakapata 15 tu. Na zilizobaki, takriban 70, hazikuliwa na mtu.

Hizo 70 ndizo zinaeleza kwa nini ziwa lilikuwa linakufa. Chakula kinachotengenezwa na hakiliwi hakipotei kimazingaombwe. Kinazama. Kinakuwa tope. Ziwa lilikuwa likijijaza polepole kwa mabaki ya karamu ambayo haikuwa na walaji wa kutosha. Ndiyo maana Lindeman, alipochora mchoro wa nani anamla nani, tope hilo la chini lenye bakteria aliliweka katikati kabisa. Wengine waliliona kama uchafu wa sakafuni. Yeye aliona ni mahali ambapo karibu kila njia inapitia.

Turudi kwa wala mimea na shilingi zao 15. Wao pia walikatwa. Wakapumua, wakaogelea, wengine wakafa bila kuliwa. Wawindaji waliokuwa juu yao wakapokea 3.

Kutoka 118,872 hadi 3. Ukiwa umeajiriwa unajua uchungu wa makato, lakini hakuna payslip iliyowahi kukatwa hivyo.

Na kuna jambo lingine aliloliona ndani ya daftari hilo. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato inavyokwenda kwa kupumua tu. Mimea ilitumia kama humusi moja. Wala mimea karibu asilimia 30. Wawindaji zaidi ya nusu. Inaingia akilini: mmea umekaa pale pale, jua linaukuta nyumbani. Mwindaji lazima azunguke kutafuta, akimbize, akose, ajaribu tena. Anachoma mafuta kutafuta mafuta.

Hapo ndipo piramidi ilipata sababu yake. Ngazi ya juu ni nyembamba kwa sababu haina cha kulipia kuwa pana. Na mnyororo hauwezi kuendelea milele, simba wa kula simba wa kula simba, kwa sababu pesa zinaisha njiani.

Shika tofauti hii moja, wengi huichanganya. Maji, kaboni, naitrojeni, hivyo huzunguka. Majani yanaoza, mbolea inarudi kwa udongo, mmea mwingine unaichukua. Kawi haizunguki. Inapita mara moja. Ikishakuwa joto imeenda, na hakuna kiumbe anayeweza kuirudisha kwenye mnyororo. Ndiyo maana jua lazima lilipe upya kila siku.

WAKUBWA WASEMA HAPANA

Lindeman alipata shahada yake ya uzamifu mwaka wa 1941. Mwaka huo huo akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Yale kufanya kazi na G. Evelyn Hutchinson, mtaalamu wa maziwa mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Wawili hawa waliiva mara moja. Lindeman alichukua sura ya mwisho ya tasnifu yake, akaipiga msasa kwa mawazo ya Hutchinson, akaitafutia lugha ya hesabu, na akaituma kwa jarida la Ecology, ambalo ndilo lililokuwa na uzito Marekani.

Mhariri, Thomas Park, aliipeleka kwa wahakiki wawili: Chancey Juday wa Wisconsin na Paul Welch wa Michigan. Hawa hawakuwa watu wadogo. Juday alikuwa ametumia maisha yake kupima maziwa. Tena, ili kulinganisha Cedar Bog na ziwa lingine, Lindeman alikuwa ametumia takwimu za Ziwa Mendota ambazo Juday mwenyewe alikuwa amezichapisha mwaka wa 1940. Ni kama umepika kwa unga wa mzee, halafu mzee huyo ndiye anayekuja kuonja.

Wote wawili walisema isichapishwe.

Malalamiko yao hayakuwa ya kijinga, na ni vizuri tuyasikilize. Walisema nadharia imezidi data. Huyu kijana amechunguza ziwa moja dogo, ameongeza takwimu za wengine, na tayari anatangaza kanuni ya maziwa yote. Kwa mtu kama Juday, aliyeona mamia ya maziwa, kila ziwa lilikuwa na tabia yake, na kuyaweka yote kwenye fomula moja ilikuwa haraka mno. Tena jarida ni la utafiti, si la mawazo ya mezani.

Na kweli, hesabu zingine za Lindeman zilikuwa za kukadiria. Hata dhana yake kwamba viumbe wa ngazi za juu kwa kawaida hutumia chakula chao kwa ufanisi zaidi imepingwa na tafiti za baadaye. Wahakiki waliona mashimo yaliyokuwepo.

Tatizo ni kwamba waliona mashimo, hawakuona nyumba. Miaka na miaka wataalamu wa maziwa walikuwa wamejaza makabati kwa vipimo: joto hapa, oksijeni pale, samaki wangapi. Hakuna aliyejua vipimo hivyo vyote vinasema nini kwa pamoja. Hutchinson alimwandikia mhariri akitetea jambo hilo hilo: kwamba data zimejaa tele na zitabaki marundo tu kama hakuna mtu wa kujaribu nadharia, na kwamba nadharia ikichapishwa, wengine wataweza kuipima na hata kuiangusha.

Park alifanya kitu ambacho si kila mhariri angethubutu. Lindeman alipoleta makala iliyorekebishwa, mapema mwaka wa 1942, aliikubali licha ya wahakiki wote wawili kuikataa. Alikubali kwamba muda ndio utakaoamua nani alikuwa sahihi.

Muda ndio kitu ambacho Lindeman hakuwa nacho.

SIKU 25

Miezi ile yote alikuwa anaumwa. Ini lake lilikuwa linaharibika kwa ugonjwa wa nadra, na kwa sehemu kubwa ya kukaa kwake Yale alikuwa akilemewa. Fikiria kurekebisha makala ambayo wakubwa wameipiga chini, sentensi kwa sentensi, huku mwili wako unagoma.

Alifariki Juni 29, 1942. Siku 25 zaidi na angefikisha miaka 27.

Alijua makala imekubaliwa. Hakuiona ikiwa imechapwa. Ilitoka Oktoba 1942, na mwishoni Hutchinson aliongeza maelezo mafupi kuwaambia wasomaji kwamba mwandishi ameaga dunia na wameachiwa kazi ya mtu mwenye kipaji cha kipekee.

Dunia ilikuwa kwenye Vita vya Pili. Hakuna aliyesimamisha shughuli kwa sababu ya kidimbwi cha Minnesota. Lakini wazo lilikuwa limeshatoka nje, na wazo likitoka nje halirudi. Ndugu wawili wa Marekani, Eugene na Howard Odum, walilichukua. Howard alikuwa mwanafunzi wa Hutchinson huyo huyo. Kitabu cha Eugene cha mwaka wa 1953 kikawa cha kufundishia ikolojia vyuoni kwa miongo kadhaa, na mwaka wa 1957 Howard alichapisha hesabu ya kawi ya chemchemi za Silver Springs, Florida, kwa undani ambao Lindeman hakupata nafasi ya kuufikia. Kutoka huko, mishale na masanduku ya kawi yakaingia kwenye vitabu vya shule duniani kote, hadi kwenye daftari lako.

Hata ile kanuni ya asilimia 10 tuliyokaririshwa ni ufupisho uliokuja baadaye. Lindeman mwenyewe alipata tarakimu tofauti tofauti: asilimia 13.3 kwa wala mimea wa Cedar Bog, 8.7 kwa wale wa Mendota. Kumi ni wastani wa kurahisisha, usiichukue kama sheria ya barabarani.

HESABU HIYO HIYO, HUKU KWETU

Ukishaijua hesabu hii, huwezi kuangalia nchi yako vile vile.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya. Simba ilihesabu 2,589. Ndovu mmoja ana uzito wa simba wengi, anakula kutwa kucha, na bado wako zaidi ya mara kumi. Ndiyo, binadamu ana mkono wake hapo, kwa ujangili na kwa ugomvi wa simba na mifugo. Lakini hata bila sisi, simba hangewahi kuwa wengi kama wala majani. Ndovu anakula kwenye ngazi ya pili. Simba anasubiri makombo ya ngazi ya tatu. Ndiyo pia sababu mbuga ikipungua, mwindaji ndiye huumia mapema: ana akaunti isiyo na akiba.

Nenda Bogoria au Nakuru wakati heroe wamejaa, ziwa lote waridi. Wanawezaje kuwa wengi hivyo? Kwa sababu heroe mdogo anakula mwani moja kwa moja, bila dalali katikati. Makato yanakuwa hatua moja tu.

Na pale sokoni, omena ameshiba vijidudu vya majini, lakini mbuta mkubwa ameshiba samaki wengine, wakiwemo omena. Kila kilo ya mbuta imebeba nyuma yake kilo kadhaa za samaki ambazo hukuziona. Sikwambii uache mbuta. Nakwambia bei halisi ilianza kuhesabiwa ziwani.

Kuhusu Cedar Bog, eneo lile leo ni kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Minnesota, na wanafunzi bado wanaenda huko na vifaa vyao. Ziwa bado lipo, dogo vile vile. Na kila mwaka mimea inatengeneza zaidi ya kinacholiwa, ziada inazama, na tope linapanda kidogo tena, kama hesabu ya Lindeman inavyosema.